Msingi Uliobarikiwa

"Weka chini hiyo nyundo! Wewe, unanisikia? Weka chini!"

Inspekta Chelimo hakungoja hata kufunga mlango wa gari. Alivuka uwanja wa kinu kwa hatua ndefu, akikanyaga pumba zilizotapakaa kila mahali, na macho yake hayakubanduka kwa vibarua wawili waliokuwa wamesimama juu ya msingi wa ile mashine iliyomuua Maurice. Mmoja alikuwa ameinua nyundo. Mwenzake ameshika mtaimbo. Kona moja ya zege walikuwa wameshaimega.

"Nani amewatuma?"

"Ni mwenyewe, madam," yule wa nyundo alijibu. "Mzee Kiprop amesema tuvunje yote, tutajenga ingine."

"Na utepe wa polisi uliokuwa hapa?"

"Tuliukunja vizuri, madam. Uko pale kwa dirisha. Ulikuwa unatuzuia."

Ulikuwa unawazuia! Chelimo alivuta pumzi, akaiachia polepole, maana kuna mambo ukiyajibu palepale utatukana. Aligeuka kumtafuta askari aliyepaswa kulinda mahali hapo. Sajenti Shitanda alikuwa anatokea nyuma ya stoo, kikombe cha chai mkononi na andazi mdomoni.

"Sajenti, nilikuacha hapa ufanye nini?"

Shitanda alimeza andazi zima zima. "Afande, nilidhani kesi imekwisha. Si mshukiwa tuko naye?"

Ndiyo, mshukiwa walikuwa naye, na hilo ndilo lililomfanya Chelimo aje mbio. Mashine kubwa ya kusaga mahindi ilikuwa imeng'oka kwenye msingi wake ikiwa inazunguka, ikapinduka, ikamlalia Maurice aliyekuwa akiiendesha. Mzee Paul Kiprop, mwenye kinu, hakungoja hata maiti ifike mochari. Aliwaambia polisi kwamba ni hujuma, na mwenye kuhujumu ni Nur, makanika aliyegombana naye mbele ya wafanyakazi. Ati Nur alilegeza nati za mashine. Polisi wakaenda gereji ya Nur, wakakuta mikanda ya mashine hiyohiyo imening'inizwa ukutani, wakamfunga pingu. Mchana huo angepelekwa kortini kwa kosa la kuua, na karatasi ya mashtaka ilikuwa inangoja sahihi ya Chelimo.

Hakuwa ameitia. Jioni iliyopita vijana walikuwa wamevunja madirisha ya gereji kwa mawe, na Halima, mke wa Nur, alikuwa amewachukua watoto akakimbilia kwa dadake, mtaa wa Kapsoya. Chelimo alizaliwa Burnt Forest, ambako majirani walichomeana nyumba wakati wa vurugu za uchaguzi. Hakuhitaji kuelezwa na mtu jinsi mawe ya jioni moja yanavyogeuka kuwa kiberiti jioni inayofuata. Nur akisomewa mashtaka leo, gereji ile haitafika Jumapili ikiwa imesimama, na hakuna hakimu atakayeirudisha hata akija kumwachilia baadaye.

"Toa turubai," alisema.

Mashine ilikuwa imelala ubavu kando ya msingi, imefunikwa turubai la kijani tangu siku ya ajali. Shitanda na wale vibarua walilivuta. Chelimo alichuchumaa kwenye fremu ya chuma, pale ambapo bolti zilikuwa zimeishikilia kwenye zege.

"Sajenti, soma ulichoandika kuhusu nati."

Shitanda alikohoa. "Kwamba mshukiwa, kwa nia mbaya, alilegeza nati zote."

"Uliziona zimelegezwa?"

"Mwenyewe ndiye alisema, afande. Hatukutaka kusumbua mashine kabla ya..."

"Njoo uone sasa. Chuchumaa. Hapa. Hiyo ni nini?"

"Nati."

"Iko wapi?"

"Iko... iko kwa bolti."

"Na hiyo ingine? Na ile kule?"

Zote zilikuwapo, zimekazwa hadi mwisho, kila moja ikiwa na kipande chake cha bolti. Bolti zilikuwa zimekatikia chini, na pembeni zilikuwa zimekwanguka na kung'aa, kama chuma kilichosuguana na chuma kwa siku nyingi. Mtu akilegeza nati, nati hutoka na bolti hubaki nzima. Hapa nati zilikuwa hazijaguswa na bolti ndizo zilizochoka. Chelimo alipiga picha moja baada ya nyingine.

"Na mikanda?" Chelimo aliuliza bado akiwa chini. "Nur alisema nini kuhusu mikanda?"

"Alisema mashine ilikuwa inacheza. Ati alimwambia Mzee aizime akakataa, ndio yeye akatoa mikanda akaenda nayo, ndio isiwashwe. Mzee akanunua ingine."

"Hayo yameandikwa wapi?"

"Afande, washukiwa husema mengi."

"Shitanda!" Sasa alisimama, na wale vibarua walirudi nyuma pamoja. "Mtu anakwambia aliona hatari akajaribu kuizuia kwa mikono yake, wewe unaandika tu 'alikutwa na mikanda'? Watoto wake wanalala sakafuni kwa watu sababu ya kalamu yako! Kaa hapo. Usiende popote. Hata chai ikikuita kwa jina, usiitike."

Alirudi kwenye msingi. Kati ya zege na fremu ya mashine kulikuwa na tabaka la uji mzito wa simiti, ule unaomwagwa mwishoni kabisa ili mashine na msingi viwe kitu kimoja. Mashine ilipong'oka ilikuwa imenyanyua tabaka hilo, likapasuka vipande. Chelimo alikiinua kimoja kwa mikono miwili akakigeuza. Pembeni, upande wa chini, kilikuwa kimeng'oka na changarawe za msingi, maana kilikuwa kimeshika kweli. Lakini katikati hakikuwa na hata chembe. Vinundu vyote vya zege vilikuwa vimeacha alama zao hapo, laini, zinametameta, na juu ya zege lenyewe hapakuwa na kovu lolote. Vitu viwili vilikuwa vimelaliana bila kushikana hata kidogo.

"Niitie Gikonyo," alimwambia kibarua mmoja.

Gikonyo ndiye kontrakta aliyejenga msingi. Alikuwa na kazi nyingine barabara ya pili tu kutoka hapo, akafika upesi, mwanamume mnene mwenye kofia ya mjengo na shati lililopigwa pasi. Alipoona turubai limetolewa alipunguza mwendo.

"Inspekta, habari ya asubuhi."

"Si nzuri. Niambie mlitayarishaje hapa kabla ya kumwaga uji wa simiti. Usiruke kitu."

Gikonyo alionekana kufurahi kwamba ameulizwa hilo. "Tulifanya kama inavyotakiwa. Zege ikishakauka, uso wake huwa laini, haufai. Tuliupiga patasi wote mpaka kokoto zikaonekana. Tukafagia, tukapuliza vumbi kwa kompresa. Tukalowesha usiku kucha na magunia, ndio zege isije ikanyonya maji ya simiti. Asubuhi tukakausha yale maji yaliyosimama. Mbao za fomu, za kuzuia simiti isimwagike, tukazungusha, tukaziba kila mwanya na mota. Inspekta, hizo mbao hata ungemwaga chai isingetoka tone."

"Halafu?"

"Halafu tukashusha mashine na winchi, tukasawazisha, tukamwaga."

"Kati ya kuzungusha mbao na kushusha mashine, ni nini kilifanyika?"

"Hakuna."

Jibu lilikuja haraka mno. Chelimo alichukua chupa ya maji kwenye gari lake, akafungua kizibo, akaanza kuyamimina taratibu juu ya zege, kuanzia ukingoni. Pembeni maji yaliingia na zege likawa jeusi palepale. Katikati hayakuingia. Yalijikusanya matone, yakabiringika, yakakimbia yakitafuta pa kwenda, na pale yalipopita pakabaki pakavu.

"Mafuta," Gikonyo alisema kwa sauti ndogo.

"Si nilisema!" Shitanda aliruka kutoka alikoambiwa akae. "Oili! Nani hapa anashika oili kama si makanika? Ni Nur, afande!"

"Mafuta yako wapi, Sajenti? Juu ya simiti au chini yake?"

Shitanda aliangalia kipande cha simiti, akaangalia msingi. "Chini."

"Nur aliitwa hapa lini?"

"Wakati mashine ilianza kusumbua."

"Ikiwa imeshakaa juu ya hiyo simiti, inasaga unga, watu wanapanga foleni. Sasa alipitia wapi kumwaga oili chini yake? Alikuwa panya?"

Mmoja wa vibarua alicheka akajiziba mdomo. Shitanda alirudi kukaa.

"Itakuwa ya mbao," Gikonyo alidakia. "Mbao huwa tunapaka oili, ndio zisishikwe na simiti siku ya kuzitoa. Pengine vijana wangu walizipaka zikiwa tayari zimezungushwa, ikachuruzika. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Niandike mimi."

Kontrakta anayekimbilia kosa kabla hajashtakiwa! Chelimo alimtazama vizuri. Mbao zenyewe zilikuwa bado zimeegemezwa ukutani, hakuna aliyejisumbua kuzibeba. Alizigeuza. Oili iliyokuwa juu yake ilikuwa oili chafu ya gari, nyeusi, na ilikuwa upande mmoja tu, imepakwa vizuri kwa brashi. Ukingo wa chini uliogusa zege ulikuwa mkavu. Kama ingechuruzika ingeanzia ukingoni, na ukingoni ndiko simiti ilikoshika. Aliinama tena kwenye kipande cha simiti, akakikwaruza kwa ukucha, akakileta puani.

"Gikonyo, oili yako ya mbao hunukia?"

"Inanuka tu oili, madam."

"Hii inanukia marashi."

Gikonyo alivua kofia. Jasho lilikuwa limemtoka ingawa asubuhi ya Eldoret ilikuwa na baridi yake ya kawaida. Chelimo alitia kipande kwenye mfuko, akaufunga, akaandika juu yake. Kisha akaelekea ofisini kwa mwenye kinu, na alipomwona Gikonyo amebaki akamwambia, "Na wewe twende."

Mzee Paul Kiprop alikuwa nyuma ya meza yake, amevaa koti na sweta, Biblia kubwa pembeni. Aliinuka akanyoosha mikono miwili.

"Chelimo! Karibu, mtoto wetu. Unajua babako na mimi tulikuwa tunapeleka maziwa pamoja? Ketini, mletewe chai."

"Mzee, kwa nini unavunja msingi uliofungwa na polisi?"

"Ah, hiyo! Watu wanataka unga, binti yangu. Na mahali pale pameingia damu. Nataka nianze upya."

"Mashine yako haikulegezwa nati. Msingi wako uliachana na simiti kwa sababu katikati yake kulikuwa na mafuta. Mashine ikacheza mpaka bolti zikakatika. Ni mafuta gani?"

Kiprop aliketi. "Mimi ni mkulima. Mambo ya simiti muulize Gikonyo."

Gikonyo alikuwa anaangalia sakafu. Alipoinua macho, hakumwangalia Mzee wala Chelimo. Alitupa jicho kwenye ukuta ulio juu ya kabati, mara moja, akaliondoa haraka kama aliyeungua. Chelimo akageukia kile alichokikimbia.

Ilikuwa picha kubwa ndani ya fremu ya dhahabu. Siku ya kuweka wakfu kinu. Umati wa waumini, mikono juu. Mashine inaning'inia kwenye winchi. Katikati yuko askofu wa kanisa la Kiprop amevaa joho, amesimama karibu na msingi uliozungushiwa mbao, na mkononi ameinamisha chupa inayomwaga mafuta ya upako. Hayakuwa matone. Ilikuwa chupa nzima, na mbao za Gikonyo, zile zilizozibwa zisivuje hata chai, zilikuwa zimeyashika yote mle ndani.

Mwenyewe alikuwa ameitundika ukutani! Chelimo nusura acheke kwa hasira.

"Unataka kunishtaki kwa kumwomba Mungu?" Kiprop alisema, na sasa sauti ya maziwa na baba ilikuwa imekwisha. "Sema tu! Kila jengo langu linaombewa. Kila lori. Hata nyinyi polisi mkipata gari mpya huita mchungaji."

"Omba, Mzee. Hakuna anayekukataza. Nataka kujua nani aliyaona yale mafuta, na alifanya nini." Alisogea akaweka kidole kwenye kioo cha picha. "Huyu hapa chini ni nani?"

"Si ni marehemu. Ni Maurice." Kiprop alilainika kidogo. "Kijana wa sala sana. Ona alivyopiga magoti, kichwa chini. Hata hiyo picha nimempa mkewe, ameiweka mbele ya programu ya mazishi. Nimewachapishia mimi."

Maurice alikuwa amepiga magoti kweli kando ya mbao, ameinamisha kichwa juu ya msingi. Watu wengine wote walikuwa wamenyoosha mikono juu. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mbao, na kwenye kidole gumba chake kulikuwa kumening'inia kitu cheupe.

"Ameshika nini?"

"Sijui. Leso."

"Gikonyo?"

"Inspekta, mimi..."

"Gikonyo, kuna mtu ndani ya seli saa hii!"

"Ni kitambaa," Gikonyo alisema, na machozi yakamtoka palepale, mtu mzima, mbele ya watu. "Si leso. Alikuwa anapanguza. Mimi ndiye nilimrushia. Niliona mafuta yanamwagwa nikasema maskini, kazi yangu imeharibika, hapo simiti haitashika. Lakini mimi ni shemasi. Ningemwambiaje askofu aache, watu wote wanaimba? Niliogopa kuonekana. Nikamwambia Maurice, nenda wewe, panguza haraka, wakimaliza tutaosha na sabuni na tupige patasi tena. Alikuwa amepanguza pembeni tu, katikati hajafika. Mzee alimshika kola akamvuta, akamwambia, 'Unapanguza upako, mshenzi wewe?' Halafu akaniambia nishushe mashine na nimwage simiti, mapicha yanangoja."

"Mwongo!" Kiprop alipiga meza.

"Ukamwaga?" Chelimo alimuuliza Gikonyo.

"Nikamwaga. Na ilipoanza kucheza nilikuja, madam. Mimi na yule Nur, tulikaa viti hivi. Nikasema tuvunje tujenge upya, nitavunja mwenyewe. Mzee akasema msingi umebarikiwa, haupigwi nyundo na mtu. Nur akaondoka na hasira, kesho yake akatoa mikanda."

Chelimo alimgeukia Kiprop. Hakupaza sauti, na Shitanda, aliyekuwa amewafuata na kusimama mlangoni, baadaye aliwaambia wenzake kwamba heri angepaza.

"Maurice akiwa hai, msingi ulikuwa umebarikiwa, hauguswi. Maurice hajazikwa, na leo nimekuta umeupigia nyundo asubuhi na mapema. Baraka iliisha lini, Mzee?"

Kiprop alifungua mdomo. Aliangalia Biblia, akaangalia picha, akamwangalia Gikonyo kana kwamba Gikonyo angemsaidia.

"Na ukamtafuta mtu wa kumbebesha," Chelimo aliendelea. "Kati ya watu wote wa mji huu, ukamchagua yule mmoja aliyejaribu kuizima. Ulijua vijana wataenda kwake na mawe. Ulijua kabisa, maana wewe na mimi tumetoka kwenye moshi uleule. Simama, uvae kofia yako. Sajenti, mchukue. Kuua kwa uzembe, kudanganya polisi, kuharibu ushahidi. Andika yote, na leo uandike na anachosema."

"Na mimi?" Gikonyo aliuliza.

"Wewe utaandika taarifa yako kwanza. Halafu tutaona kama machozi yanatosha. Mimi sidhani."

Alipanda juu ya kiti, akaitoa picha ukutani na fremu yake. Nje aliwaamuru vibarua warudishe utepe waliokuwa wameukunja vizuri, akapiga simu stesheni. Nur atolewe, na gari la polisi limpeleke mpaka Kapsoya alipo mkewe, kisha liegeshwe mbele ya gereji lilale hapo. Karatasi ya mashtaka aliirarua akiwa kwenye simu, ofisa wa zamu akisikia.

Simu ya pili ilimchukua muda kuipiga. Diana, mjane wa Maurice, alishika upesi, na nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake waliokuja kukesha naye.

"Mama Brian, ni Inspekta Chelimo. Zile programu za mazishi mmeshazigawa?"

"Bado, madam. Ziko hapa kwa boksi. Kwani kuna nini?"

"Ni hiyo picha ya mbele."

"Ile akiomba?"

Chelimo aliiangalia fremu iliyokuwa kwenye kiti cha abiria, kile kichwa kilichoinama na kile kitambaa cheupe ndani ya mbao.

"Hakuwa anaomba, mama," alisema. "Alikuwa anajaribu kuzuia. Nakuja nikuelezee."